Kitufe Kilichokuwa na Mwenyewe

Msikilizaji, shika simu yako. Bonyeza mara moja, bidhaa imeshalipiwa. Jambo dogo hilo, kule Marekani, liliwahi kuwa na mwenyewe kisheria.

Mwaka 1999 Amazon ilipewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kwa mtindo huo wa kununua kwa kubonyeza mara moja. Haukupita mwezi, ikamshtaki mshindani wake, Barnes & Noble. Mahakama ikaweka zuio, na duka lile la vitabu likaongeza hatua: mteja abonyeze tena kuthibitisha. Hebu fikiria, mawakili wanakesha kwa ajili ya mbonyezo mmoja! Zuio liliondolewa 2001, lakini hataza ilidumu hadi 2017.

Sasa, wewe jambo hili linakuhusu nini? Programu hujengwa kwa mawazo madogo mengi yaliyobebana. Kijana anayeitengeneza sebuleni hana wakili. Barua moja ya madai ya hataza yaweza kumfunga mikono, hata kama hakuiba kitu.

Tugeuke upande wa pili. Watetezi husema aliyetumia miaka na mtaji kubuni anastahili kinga. Kwenye dawa, nakubali. Kwenye kitufe, mimi hoja hiyo inanipa shida.

Mwaka 2014, katika kesi ya kampuni iitwayo Alice, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazo tupu halipati hataza kwa kutiwa tu kwenye kompyuta. Haya, wazo tupu linaishia wapi, na uvumbuzi unaanzia wapi?