Makazi ya Mwami Theresa Ntare



Ujiji kuna makumbusho pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Magomeni, nyumba ya Mwalimu imehifadhiwa. Na Mwami Theresa Ntare wa Heru je? Mwanamke aliyekalia kiti cha enzi miaka ya mwisho ya utawala wa machifu, uliofutwa 1963, wakati machifu wenzake karibu wote walikuwa wanaume. Watoto wetu wa mjini wanamjua Livingstone.

Naomba harambee hii ianze kuhifadhi makazi yake, Heru Juu. Wenzangu wa Muhambwe, msiseme hayo ni ya Waheru; mabinti zetu pia wanamhitaji.

Ila mimi mhasibu. Senti ya ujenzi haitoki kabla ukoo haujaridhia kwa maandishi na mipaka kupimwa. Bati na saruji vitasubiri. Wazee hawasubiri: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1963 sasa amevuka 75. Fungu la kwanza liwe nauli ya vijana wawili na kinasa sauti, likizo ya Desemba.

Bahasha ziko kwa mweka hazina. Daini risiti.