Tugeuze Nyayo Tuzitazame
(Hotuba kwa waganga na wauguzi wa Kasese na Bwera)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya saratani ya ngozi. Wengi hudhani maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hutukinga na jua. Lakini iko aina kali, iitwayo melanoma, ambayo kwa watu weusi huonekana zaidi wayoni, kiganjani na chini ya ukucha, yaani pale ambapo jua halifiki.

Miaka mingi iliyopita alinijia mkulima wa pamba mwenye baka jeusi kisigininoni. Nilikuwa na haraka, nikasema ni mwiba uliovunjikia ndani, nikampa dawa ya kupaka. Aliporudi baada ya miezi 8, tezi za kinena zilikwisha kuvimba. Kosa lile lilikuwa langu.

Basi mgonjwa na avue viatu na soksi, hata kama amekuja kwa kikohozi. Baka likiwa na nusu zisizolingana, au kingo zilizopindapinda, au rangi zilizochanganyika, au upana uliopita milimita 6, na zaidi ya yote likiwa linabadilika, mpelekeni hospitali kipande chake kikapimwe kwa darubini. Msilikwangue kwa wembe.

Vivyo hivyo donda la miaka mingi, au kovu la moto, lililoinuka kingo zikawa ngumu na kutoa damu. Donda la mchimba chumvi wa Katwe lisiambiwe ni la chumvi tu.

Wenye ualbino wana hatari kubwa kupita wote, nasi twakaa chini ya jua la ikweta, ipitayo hapo Kikorongo. Tangu utotoni wavae kofia pana na mikono mirefu, na kidonda kisichopona midomoni, masikioni au shingoni kisingojewe.

Sisi Waislamu hutawadha, tukaosha miguu hata vifundoni na kupitisha kidole baina ya vidole. Ila mkono huosha, jicho likatazama kwingine. Maimamu wawaambie watu wageuze wayo wautazame. Mzee asiyeweza kuinama atazamwe na anayemtawadhisha. Na mwanamke aonaye haya atazamwe na muuguzi mwanamke.