Hesabu Kabla ya Kuvuta Uzi

Somo: Yoshua 22:10-34

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi hii ni akina mama wa kikundi cha kazi za mikono, wengine wetu wakaao Kitengela na wengine Kajiado. Sauti mnayoisikia ni ya mmoja wetu, lakini maneno haya tumeyaandika pamoja. Mengine tuliyafuta tukayaandika tena, kwa maana habari hii yatuhusu sisi wenyewe, wala si jirani.

Mwenye Biblia karibu na aiweke wazi penye Yoshua sura ya 22. Tutafika huko. Kwanza twataka kuwaeleza juu ya uzi na sindano.

Nyumba nyingi hapa kwetu Kenya, ukikaribishwa ndani, utaketi juu ya kochi lililofunikwa kwa vitambaa vya kroshia. Mama zetu walijifunza kazi hiyo katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952, na katika mikutano ya akina mama makanisani. Sisi nasi tulikua tukiviona vitambaa hivyo, tukivifua na kuvitia wanga. Lakini lesi tuliyojifunza mwaka 2021 si ya kroshia. Huitwa tatingi. Ni lesi ya mafundo matupu, fundo baada ya fundo, yanayofungwa kuwa pete ndogo, na pete zikaungana kuwa ua au ukingo wa kitambaa. Waitaliani huiita chiacchierino, jina litokalo katika neno la kupiga soga, na aliyewahi kuketi nasi siku ya Jumamosi ataelewa kwa nini. Wafaransa wao huiita frivolité, yaani jambo la upuuzi. Hapo hatukubaliani nao.

Watu wa zamani waliifanya kwa kichombo kidogo chenye umbo la mtumbwi, ambacho uzi huzungushwa ndani yake, na wako wengi waifanyao hivyo hata leo. Njia hiyo ni ngumu kwa mwanafunzi, kwa sababu fundo halina budi kuhama kutoka uzi huu kwenda uzi ule, na mkono usiozoea hulikaza mahali pasipofaa. Sisi tulifundishwa njia ya sindano. Fundo linakaa juu ya sindano, mbele ya macho yako, waliona.

Sindano yenyewe si ya kawaida. Ni ndefu, butu nchani, na unene wake ni mmoja tangu ncha mpaka tundu. Mwalimu wetu alikuja na sindano mbili tu, nasi tulikuwa wanane. Basi tukajaribu sindano ya gunia. Mafundo yalikwenda vizuri mpaka yakafika penye tundu, palipo panene, yakagoma kabisa. Tulivuta, tukatia sabuni, tukaomba msaada wa meno. Ikatulazimu kupokezana zile mbili mpaka nyingine zilipopatikana.

Kazi yaanza hivi. Wauzungusha uzi kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, wapitisha sindano chini ya uzi, watoa kidole, wakaza kidogo. Hiyo ni nusu ya fundo. Kisha wauzungusha uzi kwa upande wa pili na kufanya vile vile. Hiyo ni nusu nyingine, na sasa fundo limekamilika. Ukifanya nusu ya kwanza peke yake, tena na tena, mafundo hujisokota kama kamba, nawe huna lesi. Mafundo matano, waacha nafasi ndogo; matano, nafasi; matano, nafasi; matano. Wayasukuma yote yapite juu ya tundu na kushuka kwenye uzi, wapitisha sindano katika kitanzi kilichobaki chini, wavuta polepole, na pete yajifunga. Zile nafasi tatu zimekuwa vitanzi vidogo. Mtu hudhani ni urembo tu, kumbe ni hapo pete ya pili inaposhikamana na ya kwanza.

Na hapa ndipo penye jambo tunalotaka mlishike. Maadamu mafundo yako juu ya sindano, ukikosea hesabu wayatelezesha nje, waanza upya, wala hupati hasara. Lakini pete ikishafungwa na kukazwa, kuifungua ni taabu kubwa. Mara nyingi hakuna njia ila mkasi.

Katika kikundi chetu yuko mama mmoja wa upande wa Kajiado. Ni mtu mzima kuliko sisi, nasi twamwita Yeyo, kama Wamaasai wamwitavyo mama. Yeye ameshona shanga tangu utoto: nyeupe ya maziwa, nyekundu ya damu ya ng'ombe, buluu ya mbingu zitoazo mvua. Sisi wa Kitengela, ambao baadhi yetu tumefanya kazi katika viwanda vya nguo vya EPZ kule Athi River, tulidhani tutamsaidia. Kiwandani mtu hushona mkono mmoja wa shati kutwa nzima, na shati lenyewe asilione likikamilika. Yeyo amezoea kuianza kazi na kuimaliza. Pete yake ya kwanza ilitoka bila kosa, nasi tulikuwa bado tukivuta kamba zilizosokotana.

Siri yake ilikuwa kuhesabu kwa sauti. Nabo, are, uni, mpaka imiet, ndiyo tano. Akimwona mmoja wetu yu tayari kuvuta uzi, alimshika kifundo cha mkono na kumwuliza, "Umehesabu?" Nasi tulijibu, "Ndiyo, Yeyo," na mara nyingi hatukuwa tumehesabu.

Tulimpa kuweka sanduku la fedha na kitabu chake, kwa sababu ya uangalifu huo huo.

Sasa mtakumbuka miaka ile ya ukame. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022. Aliyesafiri katika barabara ya Namanga aliona mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, lakini miaka ile mto ulikuwa mchanga. Nyumbani kwa Yeyo walibaki na ng'ombe wawili.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 tulihesabu fedha za vitambaa tulivyouza, tukaona pungufu ya shilingi 4,300. Yeyo hakuwapo siku hiyo. Tulisimama nje ya kanisa, jua kali, vumbi la Kitengela likitupiga usoni, tukaanza kusema. Mmoja akasema njaa haina adabu. Mwingine akasema si kosa lake, ni hali. Twawaambia kweli, maneno hayo ya huruma ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi, kwa maana tulijiona wema tulipokuwa tukimhukumu. Hakuna aliyesema, "Tumwulize." Kabla hatujaachana tulikuwa tumekata shauri kwamba sanduku lihamie kwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata tulimwambia. Aliwatazama wote, mmoja mmoja. Akasema, "Sawa." Akalitoa sanduku, akakitoa kitabu, na juu yake akaiweka sindano yake, imefungwa katika kipande cha leso. Akaenda zake kutafuta matatu.

Wiki tatu baadaye mmoja wetu alifungua pakiti ya uzi wa pamba tulionunua Desemba. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya dukani: shilingi 4,300. Tulikuwa tumenunua sisi wenyewe, kwa fedha za sanduku, na hakuna aliyemwambia mwenye kitabu aandike.

Ndipo mmoja akatusomea habari ile ya Yoshua 22. Kabila la Reubeni, la Gadi na nusu ya kabila la Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Israeli wote waliposikia walikusanyika Shilo, tayari kwa vita. Hasira yao ilikuwa na sababu, kwa maana madhabahu ya pili ingekuwa uasi. Lakini tazama walivyofanya. Kabla ya kushika silaha walimtuma Finehasi, na wakuu kumi pamoja naye, waende wakaulize. Wakajibiwa kwamba haikuwa ya kutoa sadaka kamwe, bali ni ya ushahidi, ili watoto wa ng'ambo ya mto wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana sehemu katika Bwana. Finehasi akarudi na habari njema, na vita havikupiganwa. Watu waliokuwa na mikuki mikononi walivuka mto kuuliza swali. Sisi tulikuwa na sindano, na nauli ya kwenda Kajiado ilitushinda. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo 18, alikwisha kutuonyesha mahali pa kuanzia: wewe na ndugu yako, peke yenu. Sisi tulianza na wote isipokuwa yeye.

Tulikwenda, watu sita. Matatu ilitushusha Kajiado mjini, tukatembea zaidi ya saa moja. Njiani tulikuwa tukibishana nani aseme kwanza, na mmoja wetu akataka tupeleke unga na sukari. Wengine tukakataa, maana aliyedhaniwa kuwa mwizi kwa ajili ya njaa asiletewe unga siku ya kuombwa msamaha. Mpaka leo hatujui kama tulifanya vema, kwa sababu unga ulihitajika.

Yeyo alitupa chai. Tulimwonyesha stakabadhi, tukasema tumekosa. Hakuitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Aliuliza tu, "Waliosikia pale nje ya kanisa walikuwa wangapi?" Tukaanza kuhesabu kwa vidole, majina kwa majina, tukafika kumi na wanne. Akasema, "Basi hao nao waambiwe." Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa tukawaambia, na wale ambao hawakuwapo tulikwenda majumbani mwao. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kitambaa chochote tulichowahi kufanya.

Hivi sasa Yeyo amerudi. Sindano yake tulikuwa tumeihifadhi katika leso ile ile. Yuko kitambaa kimoja cha meza, cha pete arobaini, alichokiacha katikati mwezi ule. Mmoja wetu alikuwa amejaribu kukiendeleza, akafunga pete yenye mafundo manne palipotakiwa matano. Yeyo aliikata kwa mkasi, akaunga uzi, akaendelea. Fundo la kiungo laonekana ukilitafuta kwa kidole.

Kitabu cha hesabu tumemwomba mara mbili akishike tena. Mara zote mbili amesema, "Bado." Hatujamwomba mara ya tatu.

Jumamosi hii tunakutana Kajiado. Anayetaka kujifunza na aje na uzi wa pamba na mkasi mdogo, sindano tutampa. Nanyi mnaotukumbuka katika maombi, twawasihi mmtaje Yeyo kwanza, kabla yetu sisi.