Jiwe la Figo Lijulikane Kabla ya Kuvunjwa



Aliyewahi kupatwa na jiwe la figo hahitaji kuelezwa maumivu yake. Huanzia ubavuni, yakashuka hadi kinenani, na mtu mzima akagaagaa sakafuni. Mgonjwa huyo huuliza swali moja tu: jiwe lipo au halipo? Leo naomba tuzoee kuuliza na la pili: ni jiwe la aina gani?

Mawe mengi, yapata manane katika kila kumi, yamejengwa kwa chumvi za kalsiamu. Hayo hayayeyushwi kwa dawa. Madogo, yasiyofikia milimita 5, kwa kawaida hutoka yenyewe na mkojo. Makubwa hayana budi kuvunjwa au kutolewa kwa vyombo. Lakini takriban jiwe moja katika kila kumi ni la asidi ya uriki. Hilo huota katika mkojo wenye asidi nyingi, na asidi ikipunguzwa kwa dawa kama sitrati ya potasiamu, jiwe huweza kuyeyuka. Basi, ikiwa njia ya mkojo haijazibwa wala hakuna maambukizo, kwa nini mgonjwa huyo apelekwe haraka kwenye chumba cha upasuaji?

Shida imekuwa ni kuyatofautisha. Eksirei ya kawaida hailioni jiwe la asidi ya uriki. Mashine ya CT, ambayo ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, huyaona karibu mawe yote, lakini yote hutokea meupe. Waasisi wa elimu hiyo, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria suala hilo akiwa Cape Town, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hatua iliyofuata ni CT ya nishati mbili, iliyoenea hospitalini tangu katikati ya miaka ya 2000. Mwili hupigwa picha kwa mionzi ya nguvu mbili, kwa mfano kilovolti 80 na 140. Kalsiamu, yenye atomi nzito, humeza mionzi dhaifu kwa wingi kuliko ile yenye nguvu. Asidi ya uriki ni kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, atomi nyepesi zote; kwake tofauti hiyo ni ndogo. Kompyuta hulinganisha picha hizo mbili, kisha hulipaka kila jiwe rangi ya aina yake. Mgonjwa hakuchanjwa, na jiwe limekwisha kutajwa jina.

Hata hivyo, tusiifanye mashine kuwa mganga wa kila kitu. Jiwe dogo sana, au lililochanganyika, huweza kuipotosha. Tena mionzi si ya kuchezea: mama mjamzito na mtoto waanze na kipimo cha mawimbi ya sauti.

Ndugu wananchi, je, hospitali isiyo na mashine hii ikae ikingoja? Hasha! Kipande cha karatasi ya kupimia asidi ya mkojo ni rahisi kupatikana. Kipimo kikidumu chini ya 5.5, daktari ana haki ya kushuku asidi ya uriki. Jiwe kubwa lililoonekana kwa mawimbi ya sauti lakini likakosekana kwenye eksirei huongeza shaka hiyo. Na mgonjwa aelekezwe kuchuja mkojo wake kwa kitambaa, jiwe likitoka lipelekwe maabara badala ya kutupwa chooni. Juu ya yote, anywe maji ya kutosha kumpatia mkojo wa lita 2.5 kwa siku.

Mashine ya kisasa ikipatikana, tuipokee na tuitumie vema. Lakini swali la aina ya jiwe halingoji mashine. Tunaweza kuanza kuliuliza kesho asubuhi katika kila zahanati.