Kipanya cha Kompyuta ya Zamani



Wazazi wameniuliza kwa nini darasa la Jumamosi linatumia ZX Spectrum, kompyuta ya mwaka 1982 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Jibu langu ni kipanya.

Kompyuta hiyo haikuzaliwa na kipanya. Ukiiunganishia cha Kempston, haikielewi mpaka uiandikie kiendeshi, nasi tuliandika kwa asembli ya prosesa yake, Z80. Mara 50 kwa sekunde, kiendeshi chetu husoma hesabu ya mwendo kwenye poti 64479, hutoa hesabu iliyotangulia, na tofauti ndiyo hatua za mshale.

Hapo vijana walikwama. Hesabu hufika 255, kisha huanza tena 0. Ilipotoka 250 ikafika 4, mshale uliruka kushoto hadi ukingoni. Binti wa miaka 13 akachora uso wa saa: kutoka saa 11 hadi saa 2 ni mwendo wa saa tatu mbele, si kurudi nyuma saa tisa. Vivyo hivyo, 250 hadi 4 ni hatua 10 kulia. Tofauti ikizidi 127, mshale unakwenda kushoto.

Programu za simu zao wamepewa. Hii wameiandika wenyewe, na kila amri wanaijua kazi yake.

Mwenye kompyuta ya zamani darini asiitupe, atuletee.