Dawa michezoni: aulizwe muuzaji

Wako wasemao kwamba serikali haina kazi uwanjani; suala la dawa za kusisimua misuli waachiwe wenye michezo yao. Mimi sikubaliani nao.

Marion Jones wa Marekani alitoka Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na medali 5. Vipimo vya mkojo havikuona kitu. Waliofichua siri ni wapelelezi wa serikali, walioivamia kampuni ya BALCO huko California mwaka 2003. Mwaka 2007 Marion akakiri, medali zikarudi.

Lakini tazama hukumu: mwenye kampuni alipewa kifungo cha miezi 4 gerezani, mkimbiaji, kwa kuwadanganya wapelelezi, miezi 6!

Nasi Kenya tuna sheria yetu tangu mwaka 2016, na wakimbiaji wengi wamefungiwa. Hata hivyo, kijana wa Iten hatengenezi dawa jikoni kwa mama yake. Yuko aliyemwuzia, yuko aliyemdunga sindano.

Serikali ichunguze, tena ianzie hapo. Ukikata matawi ukaacha shina, mti utachipua tena.