Taa ya Breki Haitibiwi kwa Kuzimwa



Atokaye mjini kwenda Paje au Makunduchi hupita kando ya msitu wa Jozani. Hapo huvuka kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake, na matuta yaliwekwa barabarani kwa sababu wengi walikuwa wakigongwa. Mvua ya masika ikinyesha, kima akaruka mbele ya gari, dereva hukanyaga breki kwa nguvu zote. Magurudumu yakijifunga, gari huteleza kama ngalawa iliyopotewa na usukani: dereva hukata kulia, gari likaendelea mbele. Leo ni kima. Kesho huenda akawa mtoto atokaye skuli.

Ili kuiepuka hali hiyo, magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Malindi yana breki zinazoongozwa kwa kompyuta, ambazo alama yake ni herufi ABS. Mfumo wa namna hii uliingia katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, kwa kazi ya kampuni ya Bosch. Kila gurudumu lina sensa inayopima mwendo wake. Kompyuta ya breki ikiona gurudumu moja linakaribia kusimama ilhali gari bado linakwenda, hulegeza breki ya gurudumu hilo kisha huikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dereva huhisi pedali ikitetemeka mguuni. Huo si ubovu. Ndiyo kazi yenyewe, na mguu haufai kuondolewa.

Mfumo huo ukipata hitilafu, taa ya manjano huwaka kwenye dashibodi. Kwa kawaida breki za mafuta huendelea kufanya kazi, ila kinga ya kutoteleza huwa imeondoka. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya manjano, jambo ni zito zaidi: gari lisimamishwe mahali pa salama na lisiendeshwe mpaka likaguliwe.

Hapa ndipo yanapoanza makosa mawili. La kwanza ni kuichomoa taa, au kuiunganisha na taa nyingine ili izime pamoja nayo, hasa gari linapotaka kuuzwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayenunua gari hilo hununua asichokiona. Kuna njia nyepesi ya kulitambua: ufunguo unapowashwa, taa ya ABS lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ipo sababu ya kuuliza.

Kosa la pili ni kukimbilia kununua kompyuta kabla ya kupima. Hewa ya bahari ina chumvi, na magari yanayobeba samaki au kuegeshwa ufukweni Nungwi na Kizimkazi huipata kwa wingi. Chumvi hula soketi, nyaya na sensa za magurudumu. Fyuzi iliyoungua au betri dhaifu nayo yaweza kuiwasha taa ileile. Kwa hiyo fundi huunganisha kwanza mashine ya kupimia katika soketi iliyo chini ya dashibodi, akasoma namba za hitilafu na kuziandika. Namba hizo huonesha upande wa kutafuta, hazitoi hukumu. Sensa iliyotajwa hupimwa, waya wake ukafuatwa, umeme na waya wa bodi vikahakikiwa. Kompyuta hushutumiwa mwisho, baada ya vyote hivyo kuonekana vizima.

Ikithibitika kuwa kompyuta ndiyo mbovu, kubadilisha kifaa ni nusu ya kazi tu. Namba iliyoandikwa juu ya kifaa cha zamani ilingane na ya kipya, au mtengenezaji awe ameruhusu namba nyingine ichukue nafasi yake. Sura hazitoshi: visanduku viwili vinaweza kufanana kama mapacha, kimoja kikawa cha gari la magurudumu mawili ya kuvuta na kingine cha gari linalovuta kwa yote manne.

Nusu ya pili ni programu. Katika magari mengi ya karibuni, kompyuta iliyotolewa gari jingine huja na kumbukumbu za gari hilo: namba ya chesisi, aina ya injini na giaboksi, pengine na ukubwa wa matairi. Kompyuta mpya nayo yaweza kuja tupu, haijui imewekwa wapi. Fundi makini husoma na kuhifadhi taarifa za kifaa cha zamani kabla ya kukifungua, kisha huziingiza katika kipya. Wakati wa kazi hiyo umeme usiyumbe hata kidogo. Betri ikilegea katikati ya uandishi, kompyuta yaweza kufa palepale, na fedha ya mwenye gari ikaenda nayo. Ndiyo maana betri huungwa na chaja madhubuti, na kazi haianzwi siku ambayo umeme unakatika ovyo.

Ikiwa mabomba ya breki yalifunguliwa, upepo hutolewa. Katika baadhi ya magari, kukanyaga pedali peke yake hakutoshi, kwa kuwa upepo hujificha ndani ya vali. Mashine ya kupimia ndiyo huamrisha pampu izunguke ili utoke. Magari yenye kinga dhidi ya kupinduka na kuteleza pembeni huhitaji pia sensa ya usukani ifundishwe upya mahali pa katikati, gari likiwa limesimama pasipo na mteremko. Mwisho gari hujaribiwa polepole mahali patupu, na namba za hitilafu husomwa mara ya pili. Kuzifuta namba si kutengeneza. Ugonjwa ukiwapo, zitarudi.

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili alinde haki yake. Inamtosha kudai mambo matatu kabla ya kulipa: karatasi ya namba za hitilafu kabla na baada ya kazi, kifaa cha zamani chenye namba yake, na risiti inayotaja kuwa programu na majaribio vimefanyika. Fundi hodari hatachukizwa na madai hayo, kwa sababu yanamtenga na yule anayezima taa.

Abiria wa daladala na wazazi wanaolipia gari la skuli nao wana sauti. Wakiiona taa ya manjano ikiwaka safari baada ya safari, wamuulize dereva kwa adabu ni lini gari litapimwa. Uchelewe mnadani Mwanakwerekwe, uchelewe harusini Makunduchi, mradi ufike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika breki, ukuta huo ndio gari linaougonga.